Kondoo wa Idaho

Sheikh wa msikiti wetu huniomba nimsaidie kwenye darasa la baada ya magharibi. "Mwalimu, waeleze vijana jicho linavyoumbwa, wapate kumjua Muumba wao." Nimesomesha baiolojia hapa Tanga mpaka nikastaafu, kwa hiyo naeleza. Ila naeleza yote.

Kwa mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo, macho hayaanzi mawili. Huanza eneo moja la seli, kwenye sehemu ya mbele ya ubongo ambao bado ni bapa. Tishu iliyo chini yake hutoa ishara ya kikemikali, seli za katikati zikaacha njia ya kuwa jicho, na pande mbili zikabaki. Kila upande huchomoza kama kifuko mpaka ukaigusa ngozi. Ngozi iliyoguswa hunenepa, ikabonyea, ikajitenga, ikawa lenzi. Mwaka 1901 Mjerumani Hans Spemann alichoma seli hizo za jicho, upande mmoja, katika viinitete vya aina moja ya chura. Upande ule lenzi haikutokea. Hapo Sheikh husema Subhanallah, nami husema.

Kisha nawaletea kondoo. Miaka ya 1950, kwa wafugaji wa Idaho, Marekani, walikuwa wakizaliwa wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Mama zao walikula mmea wa milimani, Veratrum californicum, yapata siku ya 14 ya mimba. Sumu yake huzima ishara ile. Eneo halikugawanyika.

Mwaka 1802 padri Mwingereza, William Paley, alilifananisha jicho na darubini: vyote vina aliyevibuni. Sheikh hajamsoma Paley, lakini hoja yao ni moja. Basi jicho zima likiitwa shahidi, na mwanakondoo yule aitwe pia, maana tumboni mwa mama yake hakuna kanuni iliyovunjwa. Kijana mmoja alisema huo ni mtihani. Wa nani? Kondoo hana taklifu, yaani wajibu wa kidini. Mwingine akataja dawa ya saratani ya ngozi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, inayozima ishara hiyohiyo. Kweli, lakini asiniambie wanakondoo waliumbwa vile ili sisi tupone.

"Mungu hufanya atakalo," Sheikh akasema.

"Nakubali, Sheikh. Basi tusiwaambie vijana kwamba kusudi lake tumeliona kwenye hadubini."

Akacheka. Juma lijalo anataka nieleze sikio.