Daftari la Miezi Sita

Je, mgonjwa anapaswa kuthibitisha kwamba hana hatia kabla ya kutibiwa? Swali hili sikulipata darasani. Nililipata Kasese mjini, mezani kwa shangazi yangu, tulipokuwa tumeinamia fomu ya bima.

Shangazi ana kilo 112 na urefu wa mita 1.58. Ana kisukari, ana presha, na magoti yake yamechoka kiasi kwamba hupanda bodaboda kwa safari ambayo mimi huimaliza kwa miguu kwa dakika tano. Daktari mmoja wa Kampala alimshauri afanyiwe upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Madaktari wana hesabu yao: chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walisema upasuaji huu ufikiriwe kwa mtu aliyefika 40, au 35 ikiwa ana maradhi mazito yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji vilishusha kiwango hicho hadi 35, hata kwa asiye na maradhi mengine. Shangazi ana karibu 45. Kwa upande wa hesabu hapakuwa na la kubishania.

Ubishi ulianza kwenye bima. Shangazi anayo kupitia kwa mwajiri wake, na hiyo peke yake ni bahati. Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge la Uganda Machi 2021, na ninapoandika haya bado si sheria. Jibu la kwanza la kampuni lilisema upasuaji huo ni urembo, na bima hailipii urembo. Daktari akaandika barua nyingine. Jibu la pili lilikuja na sharti: kwa miezi sita mfululizo, aonyeshe kwa maandishi kwamba amejaribu kupungua kwa chakula na mazoezi. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nikawa karani wa daftari.

Nianze kwa kuitendea haki kampuni. Fedha ya bima ni ya wote waliochanga. Upasuaji wenyewe si jambo dogo: sehemu iliyokatwa hairudi, na mgonjwa hubaki akimeza vitamini maisha yake yote. Kutaka mtu aandaliwe, aelewe, azoee kula kidogo, ni busara. Lakini fomu haikuuliza kama shangazi ameelewa. Iliuliza kama amekosea, na ilisema wazi kwamba mwezi mmoja ukiharibika hesabu inaanza upya.

Hapo ndipo nisipokubali. Nikiugua malaria nikapelekwa hospitali, muuguzi ananitoboa kidole. Hanitaki nithibitishe kwamba nililala ndani ya chandarua kwa miezi sita. Kijana akianguka na pikipiki bila kofia, bima hiyohiyo inalipa mguu uliovunjika. Wote hao tungeweza kuwauliza walifanya nini hadi wakafika hapo, lakini hatuwaulizi. Mnene tunamuuliza kwa sababu tunadhani jibu tunalo tayari, tunaliona anapoingia mlangoni. Nakiri kwamba nami nilikuwa hivyo. Wiki za kwanza nilikuwa nikiandika huku nikisema moyoni: si angeacha tu chapati?

Kulikuwa na idhini nyingine ambayo haina fomu, nayo iko Bwera, kwa bibi. Kampuni hata ikikubali, kuna nauli, kuna wiki za kukaa bila kazi, kuna mtu wa kumuuguza. Hayo hulipwa na ukoo, na ukoo humsikiliza bibi. Bibi alikataa. Hakuzungumzia gharama. Aliuliza kwa nini mtu alipe ili akonde. Sisi wa umri wangu tunasahau kwamba katika miaka ya 1980 watu wa nchi hii waliuita UKIMWI silimu, yaani ugonjwa wa kukonda. Bibi alizika watoto wawili waliokonda. Shangazi ndiye aliyebaki, na kila kilo aliyoongeza bibi aliihesabu kuwa ni afya. Ukimwonyesha hesabu ya 45 unampa namba tu. Yeye ana makaburi mawili nyuma ya migomba.

Mwezi wa nne tulipata msiba Bwera. Watu waliketi mkekani, sahani zikapita: ule ugali wa muhogo tunaouita obundu, na samaki. Bibi mwenyewe ndiye aliyempakulia shangazi. Kukataa chakula cha msibani, mbele ya mama yako, mbele ya majirani wa miaka yote, si suala la lishe tena. Shangazi alikula, akaongezewa, akala.

Tuliporudi Kasese akaniambia, “Andika.” Nikaandika: mboga za majani, samaki wa kuchemsha, kutembea nusu saa. Nilidhani namsaidia. Muhula ule tulikuwa tumemsoma Kant, aliyeshikilia mwaka 1797 kwamba hata muuaji akija kukuuliza rafiki yako yuko wapi, usiseme uongo, na darasa zima lilimcheka. Lakini kampuni ya bima si muuaji mlangoni. Nyuma yake kuna wachangiaji wengine, pengine mwenye magoti mabovu kuliko shangazi, ambaye daftari lake halina karani wa chuo kikuu. Mimi nilikuwa nadanganya kwenye foleni ambayo na yeye amesimama. Kwamba swali la kampuni halikuwa la haki, hilo bado nalishikilia. Halikunipa ruhusa ya kuandika nilichoandika.

Wala sikuyafikia hayo peke yangu. Shangazi alivaa miwani, akausoma ukurasa polepole, akaniuliza, “Mwanangu, huyu uliyemwandika ni nani?”

“Ni wewe, Shangazi. Nimepunguza tu.”

“Umenipunguza mpaka simo.”

Aliuchana. Nilimkumbusha kwamba hesabu itaanza upya, miezi minne itapotea, na sukari haimngojei mtu. Alisema anajua, akachukua kalamu. Ukurasa wa mwezi wa nne una mistari miwili kwa mwandiko wake mkubwa ulioinama: Nilikwenda msibani Bwera. Nilikula nilichopakuliwa na mama.

Mwezi wa sita ulipokwisha tulipeleka daftari pamoja na barua ya daktari. Jibu halijafika. Bibi naye bado hajakubali, ila wiki iliyopita alipiga simu kuuliza kama, baada ya kukatwa, mtu anaweza bado kula obundu. Shangazi alimwambia anaweza, kidogo.