Dhana haijawa ushahidi

Mpwa wangu anayeishi Toronto anajiandaa na LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani na Kanada ulioanza mwaka 1948. Cha kushangaza, hauulizi kifungu chochote cha sheria. Unapima namna mtu anavyosoma na anavyochambua hoja. Tangu Agosti 2024, sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa alama ni za hoja, kila moja dakika 35.

Juzi alinipigia simu akanisomea swali la mazoezi: kila mgahawa wenye chakula kibaya hukosa wateja, mgahawa huu umekosa wateja, basi chakula chake ni kibaya. Hoja hii ina kasoro gani? Yakafuata majibu matano, sahihi moja tu.

Nikajibu haraka: si kweli, ipo migahawa yenye chakula kibaya na imejaa watu! Akacheka. “Hapana, mjomba. Umeshaambiwa ‘kila mgahawa’, hilo likubali. Tazama lile ‘basi’.”

Tukarudia taratibu. Chakula kibaya hufukuza wateja, sawa. Lakini bei kubwa nayo hufukuza, na barabara ikifungwa vilevile. Kukosa wateja hakutuambii sababu ni ipi. Jibu sahihi lilisema kuwa mzungumzaji ameona matokeo, akadhani yana chanzo kimoja tu.

Tulipomaliza kuzungumza nikaona haya. Jirani yangu hakuonekana swala ya alfajiri kwa wiki tatu. Mimi nikasema, tena mbele ya watu wawili: wavivu hawaji alfajiri, huyu haji, basi ni mvivu. Kumbe alikuwa akimuuguza mama yake usiku kucha. Je, kosa langu lilitofautiana na lile la mgahawa? Halikutofautiana, ila hapa palikuwa na heshima ya mtu.

Wapo wanaodhani mantiki ni elimu ya kigeni. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitanguliza mlango wa mantiki katika Al-Mustasfa, kitabu chake cha misingi ya fiqhi. Na Surat Hujurat inatukataza kukithirisha dhana.

Hata hivyo, mtihani ule unafundisha nusu tu. Ndani yake maelezo hukubaliwa kama yalivyo. Mitaani hatuna ruhusa hiyo. Sura hiyo hiyo inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi. Kwa hiyo tuna maswali mawili: habari hii ni kweli? Na ikiwa kweli, je, inalazimisha hukumu ninayoitoa? Anayepigiwa kelele za “mwizi!” kwa sababu tu amekimbia, uhai wake uko kwenye swali hilo la pili.

Nimewarudia wale wawili nikawaambia nilikosea. Mmoja akanijibu kuwa naye alikwishamsimulia mtu mwingine. Huyo bado namtafuta.