Mungu Hahesabu kwa Umati

Somo la juma: Luka 12:1–7



Mkutano wa injili ukiisha katika viwanja vya Tononoka hapa Mombasa, kabla hata viti havijapakiwa kwenye lori, swali la kwanza huwa lile lile: walikuja wangapi? Si swali baya. Ila aliyezoea kuhesabu umati huchelewa kugundua kwamba mmoja hayupo.

Luka anasimulia kwamba siku ile watu walikusanyika kwa maelfu hata wakakanyagana. Katikati ya msongamano huo, Yesu akawageukia wanafunzi wake na kuwazungumzia shomoro, ndege wa bei ya chini sokoni, akawahakikishia kwamba Mungu anamkumbuka kila mmoja wao.

Nasi tunaye ndege wetu wa kutufundisha. Pepo za baharini zinazotupitia hapa kisiwani hubeba unyevu kwenda bara. Zikifika Milima ya Taita, unyevu ule hupanda, ukawa ukungu na mvua, na ukungu huo ndio unaolea msitu. Humo anaishi apalisi wa Taita: ndege mdogo wa kijivu, mkia mrefu, koo jeusi kama masizi ya chungu. Hurukaruka vichakani chini ya miti mikubwa akitafuta wadudu. Mwanasayansi Reginald Moreau alimweleza kisayansi mwaka 1938. Hapatikani penginepo duniani, na leo amo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka.

Amefikaje hapo? Hakuna aliyemtangazia vita. Watu walitafuta shamba la mahindi, kuni, mbao na njia ya kupita; pengine misonobari na mikaratusi ya kigeni ikachukua nafasi ya miti ya asili. Msitu ukabaki vipande vipande: Ngangao huku, Mbololo kule, Vuria juu ya kilele chake. Ndege huyu haachi pori zito akavuka uwanda mtupu kirahisi. Wachache waliobaki kwenye kipande kimoja wakipungua, ni vigumu kupata wenzao wa kuwajaza. Viota vikivamiwa na wala mayai, pengo halizibiki upesi.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotuona sisi. Ni mara chache sana kanisa humfukuza mtu. Tunachofanya ni kukata vichaka vilivyomzunguka. Mzee aliyeshindwa kupanda ngazi, tulihamishia kikao cha jumuiya ghorofani. Dada anayefanya kazi za nyumbani, siku yake ya mapumziko haikufikiriwa tulipopanga ratiba. Kijana wa mkokoteni alikaa peke yake kwenye benchi Jumapili kadhaa, kisha hakuja tena. Hakuna aliyewaambia ondokeni, lakini kati yao na sisi pamebaki uwanda mtupu, nasi tunawalaumu kwamba hawavuki.

Yesu hakutaja shomoro ili tujifariji tu kwamba Mungu anatukumbuka. Akumbukwaye na Mungu hana budi kuwa na mahali kwa watu wa Mungu. Huko Taita, wanaotaka ndege huyu abaki wanapanda miti ya asili ili kurudisha msitu uliokatwa na kuviunganisha vipande vyake. Ni kazi ya miaka mingi, na mche mmoja hauonekani kuwa kitu. Lakini ndege havuki kwa maazimio ya mkutano. Huvuka kwa miti.

Basi juma hili kila jumuiya imtaje mtu mmoja aliyetutoka bila kelele. Msimtumie ujumbe wa simu, mwendeeni. Msimwulize kwa nini haji. Mwulizeni ni nini kilichomzuia, kisha kirekebisheni. Na ninyi wenye shamba la wazazi huko Taita, iwe Wundanyi, Werugha au Mghange, mkienda nyumbani likizo hii, ulizeni wazee ni mti gani wa asili uliokuwa ukimea pale, mkaupande. Hiyo nayo ni ibada.

Tuombe: Ee Mungu usiyemsahau mdogo, tusamehe tulipopendezwa na wingi tukampoteza mmoja. Tupe macho ya kuona nafasi iliyo wazi kwenye benchi, na miguu ya kumfuata aliyeiacha. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.