Bahari Isiyofikiwa na Mto Wetu

Kwani mtu wa Oltepesi ana deni gani kwa kasa wa Watamu? Swali linaonekana la mchezo mpaka ujaribu kulijibu. Huku kwetu, kando ya barabara ya Magadi, kuna wazee waliozunguka Kajiado yote na mifugo yao na hawajawahi kuiona bahari.

Jibu rahisi ni la mto. Ukikaa Kitengela, maji ya mvua yanayopita mtaani kwako yanaelekea Mto Athi. Athi unashuka hadi Tsavo, unaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Msimu wa mvua, maji ya pale hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hilo ni tope la mashamba na malisho ya bara, na likitanda juu ya matumbawe linayanyima mwanga. Hifadhi ya bahari ya Malindi ilianzishwa 1968, lakini hakuna askari wa hifadhi anayeweza kuliamuru tope lirudi Ukambani. Kwa hiyo mtu wa Kitengela ana kesi ya kujibu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, sawa, ila chupa bado zimejaa mitaroni.

Sasa njoo Oltepesi. Maji yetu yanateremka Bonde la Ufa, upande wa Magadi, na huko hayana njia ya kufika baharini. Kwa sheria ya mto, sisi tumeachiliwa huru.

Mimi siuamini uhuru huo. Mwaka 1998 maji ya Bahari Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Joto halikuletwa na mto wowote. Na tangu hapo bahari inazidi kupata joto kwa sababu ya moshi wa dunia nzima, pamoja na wa viwanda vya saruji na wa bodaboda ninayopanda kila siku.

Utaniambia bodaboda moja haichemshi bahari. Kweli. Lakini wafugaji wanaijua hoja hiyo vizuri. Tukitenga olopololi, malisho ya ndama na ya kiangazi, kila mtu angeweza kusema ng'ombe wake mmoja hamalizi nyasi. Wakisema hivyo wote, nyasi zimekwisha. Wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walifikiri vivyo hivyo mwaka 2005 walipofunga kipande cha bahari yao wenyewe ili samaki wazaane. Wao wanakiita tengefu. Neno ni jingine, akili ni ileile.

Mwingine atasema dunia imebadilika siku zote. Pia kweli. Jirani yetu hapa Olorgesailie palikuwa na ziwa. Leo ni vumbi jeupe na mashoka ya mawe ya watu wa kale. Lile ziwa lilipotea bila mtu wa kulaumiwa. Matumbawe yanakufa sisi tukiwepo, tukijua sababu, na tunaweza kuulizwa.

Halafu kuna jambo linalonigusa zaidi. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama. Wakati ule tulitaka mtu wa Mombasa aone mizoga kando ya barabara na asiseme, "Hao si ng'ombe wangu." Hatukumuuliza kama mto wake unapita kwetu. Tulitaka ajali tu, kwa sababu hasara ilikuwa kubwa na sisi ni watu.

Nikidai hivyo kiangazi, siwezi kumgeukia mvuvi wa Malindi mvua ikinyesha nikamwambia kasa si wangu. Ndiyo maana gari la maji taka likipita Kitengela, nauliza linamwaga wapi. Madereva hawalipendi swali hilo. Nitaendelea kuuliza.