Mzee Anayeitwa Mtoto



Tafakari ya leo inaanzia mahali ambapo wengi wetu hatutegemei kusikia neno la Mungu: kwenye meza ya pool. Najua mzazi Mkatoliki akisikia hivyo anakunja uso. Hana kosa lote. Mitaani kwetu meza ya pool mara nyingi inakaa jirani na kaunta ya bia, na ukionekana pale saa nne asubuhi siku ya kazi, majirani wameshamaliza kesi yako. Hilo tutalirudia. Kwanza twende Ufilipino.

Kuna mzee kule anaitwa Efren Reyes, alizaliwa tarehe 26 Agosti 1954 katika mkoa wa Pampanga. Akiwa mtoto mdogo alipelekwa Manila kukaa kwa mjomba wake, ambaye alikuwa na ukumbi wa pool. Kazi yake ilikuwa kusafisha. Usiku, watu wakishaondoka, kitanda chake kilikuwa juu ya meza ileile. Akitaka kucheza alikuwa hafiki juu, basi anapanga makreti ya soda, anapanda, anapiga, anashuka, anasogeza kreti, anapanda tena. Hebu jione wewe ukifanya hivyo kwa kila mpira!

Dunia nzima ya mchezo huu inamjua kama mfanya mazingaombwe, kwa jinsi anavyopiga mipira ambayo wengine hata hawaioni. Kwao lakini anaitwa Bata. Subiri kwanza usicheke. Siyo bata wa bwawani, wala siyo ile "kula bata" yetu ya Ijumaa jioni. Kwa Kifilipino, bata maana yake ni mtoto. Ukumbini kulikuwa na mchezaji mwingine aliyeitwa Efren, mkubwa kwake kiumri, kwa hiyo huyu mdogo wakamwita Efren Mtoto ili wasichanganye. Jina likaganda. Leo ameshavuka miaka 70, ana mvi, na bado watu wanamwita Mtoto.

Mitume walimwuliza Yesu nani aliye mkubwa katika Ufalme wa mbinguni (Mt 18:1-5). Swali lile mimi naliona ni swali la msimamo wa ligi. Nani anaongoza? Nani wa pili? Mimi niko wapi? Yesu hakuwapa msimamo. Alimwita mtoto akamsimamisha katikati yao, kisha akawaambia kwamba wasipogeuka na kuwa kama watoto, huko kwenyewe hawataingia. Tumezoea kuelezwa kwamba maana yake ni usafi wa moyo au utii. Sawa, na hayo yamo. Lakini mtazame mtoto akicheza. Mtoto hachezi ili alinde jina lake, kwa sababu hana jina la kulinda. Akishindwa analia kidogo, halafu anasema "tena!". Hiyo "tena" yake ndiyo nataka tuitafakari leo.

Turudi kwa Reyes, maana kwanza alikuwa na jina kubwa sana la kulinda. Mwaka 1994 alichukua US Open ya mipira tisa, akawa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kuitwaa. Mwaka 1996 kule Hong Kong alikutana na Mmarekani Earl Strickland katika mechi ya siku tatu, wa kwanza kufikisha michezo 120 ndiye anachukua dola 100,000. Reyes alishinda 120 kwa 117. Fikiria michezo 237, halafu tofauti ni mitatu tu! Mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia wa mipira tisa huko Cardiff, na mwaka 2004 akawa bingwa wa dunia wa mipira minane. Hakuna aliyekuwa ametwaa ubingwa wa dunia katika aina mbili za pool kabla yake. Mwaka 2006, akiwa na miaka 52, alishinda mashindano ya Reno, Marekani, ambayo zawadi yake ilitangazwa kuwa dola 500,000. Baadaye waandaaji wakasema hawana uwezo wa kulipa washindi kama walivyoahidi. Aliyewahi kufanya kazi akazungushwa malipo anajua hiyo inaumaje.

Na ule mpira wa mwaka 1995 ambao hadi leo watu wanaurudia kwenye simu zao! Mpinzani alikuwa huyohuyo Strickland. Mpira mweupe ulikuwa umefichwa, njia ya moja kwa moja haipo. Reyes akaupiga kwenye kingo za meza, ukaenda ukarudi ukichora kitu kama herufi Z, ukagonga mpira uliotakiwa na kuutumbukiza shimoni. Strickland mwenyewe hakuwa na la kufanya.

Sasa, mtu mwenye historia kama hiyo akizeeka, sisi tungemshauri nini? Tungemwambia: mzee, inatosha. Kaa pembeni, linda heshima yako. Usije ukafungwa na vijana halafu watu wakakukumbuka kwa kufungwa. Huu ndio ushauri wa busara za mtaani, na ukiuangalia vizuri unahusu jina tu, hauhusu mchezo hata kidogo.

Mwezi Mei 2022, Michezo ya Kusini-Mashariki mwa Asia ilifanyika Vietnam, baada ya kuahirishwa kutoka mwaka 2021 kwa sababu ya korona. Reyes alikuwa na miaka 67. Akaenda na timu ya taifa. Hakuwekwa kwenye ile michezo iliyompa jina. Alicheza karamu, mchezo wa meza isiyo na mashimo, mipira mitatu tu, na mpira wako lazima uguse ukingo kabla ya kugonga mpira wa pili ndipo upate pointi. Hapo hakuna kutumbukiza chochote, na ule mkwaju wa nguvu wa kufungulia mchezo, ambao mwili wa kijana unafaidi sana, haupo. Ni mchezo wa hesabu, pembe na subira. Watu wa Vietnam walijaa ukumbini kumwona. Aliondoka na medali ya shaba. Mwaka 2019, akiwa na miaka 65, mbele ya watu wake Ufilipino, nako alipata shaba katika mchezo huohuo.

Shaba. Bingwa wa dunia mara mbili, anasimama chini ya waliomshinda, anavikwa shaba. Mimi nikitazama hilo naona ndilo jambo kubwa kuliko ule mpira wa Z. Ule wa Z ulitokana na kipaji, na kipaji hupewi kwa sababu umestahili. Kukubali nafasi ya tatu ukiwa uliwahi kuwa wa kwanza, bila kununa na bila kuzira meza, ni shule nyingine kabisa.

Hapa inabidi tuseme ukweli, tusije tukamtangaza mwenyeheri kabla ya Roma. Reyes alikulia katika kucheza kwa pesa, tangu akiwa kijana mdogo. Mwaka 1985 alipokwenda Marekani mara ya kwanza alitumia jina lisilo lake, Cesar Morales, maana wachezaji wa kule walishaanza kusikia sifa zake na wangekataa kuweka dau mbele yake. Kwa wapenzi wa pool hiyo ni stori tamu. Kwa Mkristo kuna swali ndani yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2413) inafundisha kwamba michezo ya bahati na dau si kinyume cha haki kwa yenyewe, ila inakuwa haikubaliki pale inapomnyang'anya mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa ya kamari inaweza kumgeuza mtu mtumwa. Kwa hiyo wewe unayeweka ada ya chuo kwenye mkeka wa mechi za wikiendi, tafadhali usimtumie huyu mzee kama kinga. Na yule mzazi aliyekunja uso pale mwanzo, sasa unaelewa.

Mungu hata hivyo ana tabia ya kutufundisha kwa watu wasio wakamilifu. La sivyo, Daudi tungemweka wapi?

Turudi kwenye "tena" ya mtoto. Kijana mwenzangu, sisi kizazi hiki tuna ugonjwa mmoja ambao hautajwi sana katika maungamo: tunaacha jambo siku tunapogundua hatutakuwa wa kwanza. Umeimba kwaya miaka mitatu, solo wakampa mwingine, ukaanza "kubanwa na majukumu". Uligombea uongozi VIWAWA ukakosa, hata jumuiya huonekani tena. Una miaka 27, wenzako uliomaliza nao wameajiriwa, wewe bado unazunguka na bahasha, na kichwani umeshajifungia mlango: nimechelewa, basi. Nani alikuambia miaka 27 ni jioni? Kalebu alikuwa na miaka 85 alipomwendea Yoshua (Yos 14:6-15). Alikuwa amesubiri ahadi ya Mungu miaka 45, na hakuomba bonde tulivu la kupumzikia. Aliomba mlima, ule wenye maadui wakubwa na miji yenye ngome.

Lakini naona ugonjwa huu unaumiza zaidi ndani ya sala. Unakumbuka ulivyotoka kwenye yale mafungo? Au wiki zile baada ya Kipaimara? Rozari ilikuwa inateremka yenyewe. Mbele ya Sakramenti Kuu saa nzima ilipita kama dakika tano. Leo unasali na huhisi kitu, maneno makavu kama makapi, akili iko kwenye simu. Unajiambia sala yangu imekufa, heri niache kuliko kuwa mnafiki. Ndugu yangu, huo siyo unafiki, ni karamu! Zile kona rahisi zimeondolewa, mashimo hayapo tena, na unatakiwa ubaki mezani kwa subira tu. Mtakatifu Teresa wa Kalkuta, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016, aliishi miaka mingi katika giza la ndani bila kuhisi uwepo wa Mungu. Tulilijua hilo kwa barua zake zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake. Watu waliomwona kila asubuhi akiwa kanisani amepiga magoti hawakujua. Alikuja tu, siku baada ya siku.

Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba utu wetu wa nje unachakaa, huku ule wa ndani ukifanywa upya kila siku (2Kor 4:16). Sisi tunapenda nusu ya pili tukaruka ya kwanza. Paulo anazitaja zote mbili kwa pamoja, katika mtu yuleyule. Macho ya mzee yanafifia, na pool bila macho ni kazi ngumu kweli. Mkono unatetemeka kidogo pale ambapo nywele moja inatosha kuupoteza mpira. Naye Yesu mfufuka, pale ufukweni, hakumficha Petro: ulipokuwa kijana ulijifunga mwenyewe mkanda ukaenda ulikotaka, ukizeeka mwingine atakufunga na kukupeleka usikotaka (Yn 21:18). Baada ya hapo ndipo akamwambia amfuate. Yaani kumfuata Kristo kunaendelea ukiwa huna tena nguvu ya kuchagua njia.

Jambo moja bado, na hili ni kwetu sisi wenye nguvu. Mwaka 2021 Papa Fransisko alianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana. Katika kwaya nyingi yupo yule mzee wa sauti ya nne ambaye siku hizi anachelewa kuingia na nota ya chini inamponyoka. Kwenye kundi la WhatsApp kuna vijana wameshaanza kuulizana "huyu anastaafu lini?". Kule Vietnam vijana walijaa ukumbini kumwona mzee akipiga hesabu zake taratibu, na hawakuwa wamekuja kumsubiri aondoke.

Jumapili hii, baada ya Misa, msogelee mmoja wao. Mwamkie "Shikamoo" vizuri, siyo ile ya kupita. Kaa naye kwenye benchi, mwulize alianzaje kuimba, nani alimfundisha, na wimbo gani aliuimba siku ya kwanza. Usiwe na haraka ya bodaboda. Na kama akikuomba umshikie kitabu cha nyimbo kwa sababu macho hayaoni tena maandishi madogo, mshikie.

Tusali. Ee Bwana Yesu, uliyemweka mtoto katikati ya watu wakubwa, utupe moyo wa kurudi mezani kesho asubuhi. Uwatunze wazee wetu ambao bado wanafanya kazi kwa mikono iliyochoka. Uwakumbuke wanaotafuta kazi, na wale ambao sala yao imekauka. Kwa maombezi ya Mtakatifu Yoakimu na Mtakatifu Ana. Amina.