Tunda na Mbegu Iliyo Ndani Yake

Soma Mathayo 7:15–20 na Ezekieli 18:1–20. Je, mafungu haya yanapingana?

Mzee wa kanisa ambaye mwanawe amekuwa mlevi huisikia minong'ono. Wapo wasemao kwamba Yesu alifundisha mti utambuliwe kwa matunda yake, na kwamba kijana yule ndiye tunda la nyumba ile. Wengine humalizia kwa methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini je, mtoto ni tunda la mzazi kwa maana hiyo?

Mtufaha unatusaidia kufikiri. Mti mzuri huzaa matufaha mazuri msimu hata msimu. Lakini ukipanda mbegu ya tufaha tamu, utangoja miaka mingi, na tunda utakalopata halitafanana na lile ulilokula. Kwa kawaida ua la mtufaha huhitaji chavua ya mtufaha wa aina nyingine, nayo huletwa na nyuki. Nyama ya tunda ni ya mti mama, bali mbegu ni mchanganyiko mpya. Mara nyingi mche wake huzaa matunda madogo na machachu. Ndiyo maana mkulima atakaye aina ileile hategemei mbegu, bali huchukua kikonyo cha mti ule na kukibebesha juu ya shina jingine.

Hata hivyo, mbegu huweza pia kushangaza kwa wema. Mwaka 1809, huko Southwell, Uingereza, msichana Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha. Mche mmoja ulikua ukawa mama wa matufaha ya Bramley, ambayo Waingereza huyapenda sana kwa kupikia hadi leo.

Biblia inaonyesha jambo kama hilo katika familia moja. Hezekia mwema alimzaa Manase. Manase akamzaa Amoni mwovu. Na Amoni akamzaa Yosia, aliyemtafuta Bwana kwa moyo wake wote (2 Wafalme 18–23).

Basi Yesu na Ezekieli hawapingani. Yesu anazungumzia tunda, yaani maneno na matendo ya mtu mwenyewe. Ezekieli anazungumzia mbegu, yaani mtu mwingine, mwenye moyo wake na hesabu yake mbele za Mungu.

Je, mzazi hana wajibu? Anao. Eli hakukemewa kwa kuwa tu na wana waovu, bali kwa kuwa alijua uovu wao na hakuwazuia (1 Samweli 3:13). Kutowazuia kwake kulikuwa tunda lake mwenyewe. Vivyo hivyo, mzazi anayeonya kwa upendo, anayeomba na kuacha mlango wazi usiku, anazaa tunda jema hata kama mwana hajarudi. Na kanisa linalomnong'onea mzazi huyo nalo linaonyesha tunda lake.

Maswali ya Kujadili:

1. Tutaelewaje 1 Timotheo 3:4, 5 bila kumhukumu mzazi kwa uchaguzi wa mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima?

2. Ni nani katika kanisa lenu anayebeba aibu isiyo yake? Kundi lenu litamfanyia nini juma hili?