Wema wa Barazani na Ukatili wa Uani



Wale kati yetu waliofika Unguja wameiona sanamu iliyo katika uwanja wa Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini. Watu watano wamo shimoni, minyororo shingoni. Ni kazi ya mwaka 1998 ya Clara Sörnäs, msanii wa Uswidi, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Misafara iliyolisha masoko ya pwani ilipita huku kwetu, Ugogo na Mpwapwa.

Sanamu nyingine ilikuwa ya Edward Colston, aliyefariki mwaka 1721. Huko Bristol, Uingereza, alisimamishwa juu mwaka 1895, kwa kuwa alitoa fedha nyingi kwa shule, makanisa na maskini. Lakini alikuwa miongoni mwa viongozi wa kampuni iliyopeleka makumi ya maelfu ya Waafrika utumwani. Tarehe 7 Juni 2020 waandamanaji waliiangusha, wakaitupa bandarini.

Je, tuseme fadhila zake zilikuwa za uongo? La. Watoto walisoma kweli, na wazee walipata makao kweli. Lakini aliyeshiba siye aliyefungwa. Aliyedhulumiwa halipwi kwa sadaka aliyopewa mwingine. Hapo ndipo tunapojidanganya: tunajumlisha mema, tunatoa mabaya, kana kwamba deni ni la mtu mmoja.

Nasi tusiwacheke watu wa Bristol. Sisi tuliofundisha miaka mingi tulisifiwa kwa upole darasani. Nyumbani tulikuwa na binti wa jamaa, aliyeletwa ili asome. Alichota maji alfajiri, akala ukoko jikoni baada yetu, na shule akaikosa. Tulimkaripia mlango ukiwa umefungwa, kisha Jumapili tukasoma somo kanisani. Jirani hakujua. Yeye alijua.

Hapa Kibaigwa twafahamu kwamba gunia la mahindi hupimwa kwa mizani, si kwa sifa za mwenyewe. Vivyo hivyo mtu hupimwa kwa yule asiyeweza kumjibu: mtumishi, mtoto wa kambo, mgonjwa.

Bwana wetu alifundisha kwamba mwenye kisa na ndugu yake aiache sadaka madhabahuni, akapatane naye kwanza. Tulimtafuta binti yule, sasa mama mwenye watoto, tukamwomba radhi. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Mwalimu, kwa nini hukunipeleka shule?" Hatukuwa na jibu.

Basi kabla ya sadaka ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu apite kwanza uani kwake, aulize.